Spea za pampu ya zege: ipi irudishwe kazini, ipi inunuliwe mpya?

Pampu ya zege ikikwama katikati ya kazi, mwenye mtambo hukabiliwa na maswali mawili kwa mpigo. Zege lililobaki kwenye hopa litakwenda wapi? Na spea iliyokufa itengenezwe, au inunuliwe nyingine? Swali la kwanza hujibiwa palepale, kwa koleo na toroli. La pili ndilo linaloamua kama pampu hiyo itakwama tena wiki ijayo, na wakati mwingine ndilo linaloamua kama vibarua wote waliopanda kwenye slabu watashuka salama.

Makala hii inaeleza jinsi pampu ya zege inavyochakaa, sehemu zipi zinaweza kurudishwa kazini baada ya kutengenezwa, zipi zipimwe kwanza, na zipi zisirudiwe hata kama mfuko umebana. Tumeangalia zaidi hali ya Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania, ambako ujenzi ni mwingi na duka la spea mara nyingi liko mbali.

Kwa nini suala hili linaigusa Dodoma

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa miongo mingi utekelezaji ulikwenda polepole. Mambo yalibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahamia huko. Aprili 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya jiji, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa katika eneo la Mtumba, mashariki mwa jiji.

Tangu hapo eneo hili halijapumzika kumwaga zege. Kuna majengo ya ghorofa ya wizara na taasisi, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, na reli ya kisasa ya SGR, ambayo treni zake za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza safari Julai 2024. Ukiacha miradi hiyo mikubwa, zipo hoteli, hosteli na nyumba za ghorofa za watu binafsi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa jiji lina wakazi zaidi ya laki saba.

Zamani zege la ghorofa lilipandishwa kwa karai, mkono kwa mkono. Bado njia hiyo ipo, lakini slabu kubwa leo hupigwa kwa pampu. Mkandarasi mkubwa huja na mitambo yake, mafundi wake na kontena la spea. Mkandarasi mdogo hukodi pampu, au hununua iliyokwisha kutumika miaka kadhaa nje ya nchi. Huyu wa pili ndiye anayeumia zaidi. Spea isipopatikana mjini, huagizwa Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 450 kwa barabara. Isipopatikana huko, huagizwa nje, na kusubiri kunakuwa kwa wiki. Ndiyo maana kishawishi cha kuchomelea na kuendelea na kazi ni kikubwa.

Pampu inavyofanya kazi

Ili kujua kipi kinachakaa, ni vizuri kwanza kujua zege linapita wapi.

Pampu nyingi za zege zina silinda mbili zilizolala sambamba. Pistoni moja inaporudi nyuma huvuta zege kutoka kwenye hopa, na wakati huohuo pistoni ya pili husukuma zege lililokwisha kuingia. Kisha zinabadilishana. Nguvu ya kuzisukuma hutoka kwenye mafuta ya haidroliki. Mfumo huu wa silinda mbili za haidroliki ulianza kuingia sokoni mwaka 1957, ulipotolewa na kampuni ya Schwing ya Ujerumani, na hadi leo msingi wake haujabadilika.

Ndani ya hopa kuna bomba lililopinda kama herufi S. Bomba hili, ambalo mafundi huliita vali ya S, hupiga upande huu na upande ule, likijipachika kwenye mdomo wa silinda inayosukuma. Mahali linapokutana na silinda pana bamba gumu lenye matundu mawili, linalofanana na miwani, na mbele ya vali kuna pete ngumu ya kukatia. Pete hiyo husugua juu ya bamba kila vali inapohama, na hukata kokoto zilizonasa katikati.

Kutoka hapo zege hupita kwenye mabomba, ambayo kwa kawaida yana kipenyo cha milimita 125, kupitia viwiko vya mkono wa pampu, hadi kwenye hozi ya mwisho inayoshikwa na kibarua.

Nyuma ya pistoni, kati ya silinda za zege na silinda za mafuta, kuna sanduku la maji. Maji hayo hupoza na kusafisha, na pia humwonyesha fundi hali ya pistoni, kama tutakavyoona.

Kinachokula chuma

Adui mkubwa wa pampu ni mchanga na kokoto. Sehemu kubwa ya uwanda wa kati imekaa juu ya miamba ya kale ya matale, ile inayochomoza kama majabali ukipita Dodoma, Manyoni au Singida. Kokoto zinazopasuliwa kutoka kwenye miamba hiyo, na mchanga unaochotwa kwenye mito ya msimu, vina chembechembe nyingi za kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, ambacho almasi ina 10, kwatzi ina 7. Chuma laini cha kawaida kina takriban 4. Kwa hiyo kila mita ya ujazo ya zege inayopita ni msasa mgumu unaosugua chuma laini kuliko wenyewe.

Kokoto za kupasuliwa zina ncha kali, na hukwangua zaidi kuliko changarawe za mtoni zilizolainishwa na maji. Zege lenye mchanga pungufu au lenye saruji kidogo halina uji wa kutosha wa kulainisha njia, hivyo huongeza msuguano na mgandamizo.

Joto na upepo mkavu wa Dodoma vina mchango wao. Zege hupoteza maji na kukauka haraka, hasa mchana wa Oktoba na Novemba kabla ya mvua. Zege lililoanza kukaza huilazimisha pampu kusukuma kwa nguvu zaidi, na sehemu iliyochakaa huonyesha udhaifu wake wakati huo. Pampu iliyofanya kazi vizuri saa moja asubuhi inaweza kuziba saa saba mchana kwa zege lilelile.

Kundi la kwanza: zinazoweza kurudishwa kazini

Zipo sehemu ambazo uchakavu wake unaonekana kwa macho, hazibebi mgandamizo mkubwa, na zikiharibika hazimdhuru mtu. Hizi ndizo za kuhangaika nazo kwenye karakana.

Panga za kukorogea zilizo ndani ya hopa ni mfano mzuri. Zikiisha ncha zinaweza kujazwa chuma kigumu kwa kuchomelea, kwa kutumia vijiti maalumu vya kuzuia mikwaruzo. Fundi mwenye uzoefu anaweza hata kukata panga mpya kutoka kwenye bamba nene. Wavu wa juu ya hopa nao unatengenezeka, ilimradi matundu yake yabaki na ukubwa uleule na swichi ya usalama ising'olewe.

Bushi za shaba nyeusi zinazoshikilia mhimili wa vali na wa panga zinaweza kukerezwa hapa nchini. Muhimu ni fundi wa kukereza apewe vipimo vya mhimili wenyewe ulivyo leo, siyo vya bushi kuukuu iliyokwisha kulika.

Vali ya S yenyewe ni ya gharama, na mara nyingi inastahili kufufuliwa ikiwa haijatoboka na ukuta wake bado una unene wa kutosha. Kazi hii inahitaji uangalifu. Baadhi ya vali zimetengenezwa kwa chuma chenye manganizi nyingi, ambacho kikipata joto kupita takriban nyuzi 260 za Selsiasi huanza kuwa dhaifu na kupasuka. Mchomeleaji anatakiwa aweke mistari mifupi, asubiri ipoe, aendelee. Anayemaliza vali nzima kwa saa moja huku chuma kimekuwa chekundu amemrudishia mteja spea yenye sura nzuri na roho mbovu.

Pete ya kukatia, katika miundo mingi, inaweza kuzungushwa ili upande uliolika usirudi palepale. Hilo halina gharama zaidi ya muda wa fundi. Lakini pete mpya isiwekwe juu ya bamba lenye mifereji. Uji wa saruji utapenya kwenye mifereji hiyo kwa kasi na kuila pete mpya ndani ya muda mfupi. Viwili hivi ni kama viatu, hubadilishwa kwa jozi.

Kundi la pili: zipimwe kwanza

Mabomba na viwiko ndiyo sehemu ambayo watu wengi hukosea, kwa sababu bomba hulika kwa ndani huku kwa nje rangi bado inang'aa.

Hesabu yake ni rahisi. Pampu ya kawaida ya mkono inaweza kusukuma zege kwa mgandamizo wa baa 85. Tairi la gari dogo hujazwa takriban baa 2. Katika bomba la milimita 125, mgandamizo wa baa 85 hutoa nguvu ya zaidi ya tani 10 inayotaka kuyatenganisha mabomba mawili kwenye kiungo chake. Nguvu inayotaka kupasua ukuta nayo huongezeka kadiri ukuta unavyopungua. Bomba jipya lenye unene wa milimita 4 likibaki na milimita 2, kila sehemu ya chuma kilichobaki inabeba mzigo maradufu.

Njia ya kujua ni kupima. Kipo kifaa kidogo cha mkononi kinachopima unene kwa mawimbi ya sauti. Fundi hukiweka kwa nje ya bomba, nacho huonyesha unene uliobaki bila kutoboa chochote. Kwa mwenye pampu mbili au tatu, bei yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya bomba moja kupasuka juu ya slabu. Fundi anayegonga bomba kwa nyundo na kusikiliza mlio anaweza kugundua sehemu iliyokwisha sana, lakini hawezi kukuambia kama zimebaki milimita 3 au 2. Unene wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitabu cha mashine, na hutegemea mgandamizo.

Mabomba yaliyonyooka hulika zaidi upande wa chini, zege linakolalia. Kwa hiyo yakizungushwa theluthi moja ya mduara kila baada ya muda, ukuta hulika sawasawa na bomba hudumu zaidi. Viwiko hulika upande wa nje wa pindo, na ndivyo vinavyotangulia kufa. Kiwiko cha mwisho kabla ya hozi kipimwe mara nyingi kuliko vingine, kwa kuwa kiko juu ya vichwa vya watu.

Kiraka cha kuchomelea kwenye bomba lililotoboka si matengenezo. Tundu linapotokea, maana yake eneo lote linalolizunguka limekwisha. Isitoshe, mabomba mengi yana tabaka gumu kwa ndani, ambalo joto la kuchomelea hulipasua. Kiraka kitashika asubuhi na kuachia mchana.

Silinda za zege nazo ziko kundi hili. Ndani zimepakwa kromu ngumu, tabaka ambalo ni sehemu tu ya milimita moja. Likiwa zima, pistoni ya mpira huteleza juu yake. Likibanduka, chuma cha chini hupata kutu na mikwaruzo, na kila pistoni mpya itakayowekwa italiwa haraka. Baadhi ya miundo huruhusu silinda kugeuzwa ili upande uliochoka upumzike. Kupaka kromu upya kunahitaji kiwanda chenye vifaa vyake, na fundi wa mtaani hawezi kuiga kazi hiyo kwa msasa na rangi ya fedha.

Pampu kuu ya haidroliki inaweza kufunguliwa na kutengenezwa, lakini kwenye karakana yenye meza ya kuijaribia. Ikiwa ilikufa kwa kusagika ndani, vipande vya chuma vimekwisha kusambaa kwenye mafuta. Kuirudisha bila kusafisha tangi, mabomba na vali zote ni kununua kifo cha pili.

Kundi la tatu: zisirudiwe

Ziko spea ambazo ni nafuu zenyewe lakini zinalinda vitu vya gharama. Na ziko nyingine ambazo zikiachia, mtu hufa. Hizi hununuliwa mpya.

- *Pistoni za mpira.* Maji ya sanduku yakianza kuwa ya kijivu, uji wa saruji unapita pembeni ya pistoni, na mchanga unaanza kukwangua kromu ya silinda. Anayeahirisha pistoni anakaribia kununua silinda. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.
- *Oringi na sili.* Zikishafunguliwa zimeshachukua umbo la mahali zilipokaa, na hazitaziba vizuri mara ya pili.
- *Chujio la mafuta.* Chujio la karatasi halioshwi kwa dizeli na kurudishwa. Kuliosha hulegeza karatasi na kusukuma uchafu ndani zaidi.
- *Hozi za haidroliki.* Mpira huzeeka hata kama haufanyi kazi, na jua la Dodoma huuharakisha. Kiwango cha Ujerumani hushauri hozi isipite miaka 6 tangu itengenezwe, ikiwemo isiyozidi miwili ya kukaa stoo. Tarehe huwa imechapwa kwenye hozi yenyewe, kwa hiyo isomwe kabla ya kulipa.
- *Klempu za mabomba na pini zake.* Klempu iliyopanuka, au shingo ya bomba iliyolika, haiwezi kushika zile tani 10. Waya wa kufungia nondo hauchukui nafasi ya pini.
- *Hozi ya mwisho.* Ikionyesha nyuzi za ndani, imekwisha. Hewa ikinaswa kwenye mabomba kisha ikaachia ghafla, hozi hii huchapa kama mkia wa mamba. Ni ajali inayojulikana kote duniani kwa kuua na kuangusha watu kutoka juu ya slabu. Ndiyo maana ncha yake haifungwi klempu ya chuma wala haiongezwi urefu kwa kuunga kipande kingine.

Nyufa kwenye mkono wa pampu au kwenye miguu ya kusimamia ziko katika daraja la peke yake. Zisichomelewe bila maelekezo ya mtengenezaji na mchomeleaji mwenye sifa, kisha kazi ikaguliwe. Mkono ukivunjika haumwangukii mwenye pampu. Unawaangukia vibarua.

Bei ya dukani na bei ya kila mita

Makosa mengi hutokea kwa sababu watu hulinganisha bei ya dukani, badala ya kulinganisha bei ya kila mita ya ujazo itakayosukumwa. Tuchukue mfano, kwa takwimu tulizozibuni ili kuonyesha hesabu tu.

Tuseme seti mpya ya pete na bamba inauzwa shilingi 3,000,000 na inasukuma mita za ujazo 20,000. Hiyo ni shilingi 150 kwa kila mita. Fundi anakuambia atakujazia ile kuukuu kwa shilingi 1,000,000, nayo inasukuma mita 5,000 kabla ya kuisha. Hiyo ni shilingi 200 kwa mita, na pampu itafunguliwa mara nne badala ya moja. Hapa mpya ndiyo rahisi, ingawa mfukoni inauma.

Sasa tuseme panga jipya la kukorogea ni shilingi 800,000 na linadumu mita 20,000. Ni shilingi 40 kwa mita. Kulijaza ni shilingi 150,000, nalo linadumu mita 10,000. Ni shilingi 15. Hapa kutengeneza kunashinda, hata ukihesabu kulifungua mara mbili.

Hesabu hii inahitaji daftari. Bila kuandika mita zilizosukumwa tangu spea iwekwe, hakuna ajuaye kama ilidumu au ilikufa mapema, na kila anayeuza ataonekana mkweli. Kwenye pampu ya kukodi, daftari hilo pia humaliza ubishi kuhusu nani analipa uchakavu. Ni vizuri mkataba useme hivyo mapema, kwa maandishi.

Gharama ya kusimama nayo iingizwe. Gari la kuchanganyia zege hubeba takriban mita 6 hadi 9 za ujazo, na mara nyingi makandarasi hujiwekea dakika 90 tangu maji yaingie hadi zege limwagwe, pungufu ya hapo siku ya joto kali. Pampu ikikwama saa mbili, zege lililo barabarani linaweza kuharibika. Slabu iliyokatika katikati hubaki na ufa wa kiungo, mahali zege jipya lilipokutana na lililokwisha kukaza. Mhandisi anaweza kuagiza sehemu hiyo ivunjwe. Hasara ya namna hiyo inaweza kupita bei ya spea iliyoahirishwa.

Mtumba, mbadala na feki

Serikali imejenga Mtumba, na spea nyingi ni za mtumba. Majina yamegongana tu, lakini spea za mtumba zina maana yake na hazipaswi kudharauliwa zote. Sokoni, iwe Gerezani huko Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, mnunuzi hukutana na aina tatu za spea zisizotoka moja kwa moja kwa mtengenezaji wa mashine.

Ya kwanza ni ya *mtumba*, iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Inafaa kwa vitu vinavyopimika, kama kasha la gia, tangi, mhimili, au bomba ambalo unene wake umepimwa mbele yako. Haifai kwa mpira, sili au hozi.

Ya pili ni *mbadala*, iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa jina lake chenyewe. Hii ni halali, na zipo nzuri na mbaya. Muuzaji aulizwe imetengenezwa kwa chuma gani, ina dhamana gani, na nani mwingine anaitumia.

Ya tatu ni *feki*, iliyobandikwa jina la kampuni isiyoitengeneza. Hii ni kosa kisheria. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia udhibiti wa bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mnunuzi aliyetapeliwa anaweza kupeleka malalamiko huko, na risiti ndiyo silaha yake. Asiye na risiti hana kesi.

Tahadhari nyingine ni kuhusu chapa. Putzmeister ya Ujerumani ilinunuliwa na Sany ya China mwaka 2012, na CIFA ya Italia ilikwenda kwa Zoomlion mwaka 2008. Umiliki wa pamoja haumaanishi spea zinaingiliana. Agiza kwa namba ya spea na namba ya mashine, usiagize kwa picha ya simu pekee.

Usalama wa fundi mwenyewe

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuhakikisha mitambo iko salama kwa wanaoitumia na wanaoitengeneza. Kwa pampu ya zege, mambo mawili yanafaa kukumbukwa kila siku.

La kwanza ni vali ya S. Pampu nyingi zina mtungi unaohifadhi mgandamizo wa mafuta ili vali ihame haraka. Injini ikizimwa, mgandamizo huo unaweza kuwa bado umo. Fundi akiingiza mkono kwenye hopa, vali inaweza kupiga mara moja zaidi na kuukata. Kabla ya kugusa, injini izimwe, ufunguo ukae mfukoni mwa fundi, mgandamizo uachiliwe na saa yake isome sifuri.

La pili ni gesi ya mtungi huo. Hujazwa naitrojeni tu. Mchomeleaji ana mtungi wa oksijeni karibu, na yuko atakayesema gesi ni gesi. Oksijeni ikikutana na mafuta yenye mgandamizo hulipuka.

Maswali matano kabla ya kuamua

Ukisimama mbele ya spea iliyochoka, jiulize:

1. Ikiachia kazini, itaharibu mtambo tu au itamdhuru mtu? Ikiwa ni mtu, nunua mpya.
2. Uchakavu wake ninaweza kuupima kwa namba? Kama siwezi, nisiuamini.
3. Inalinda kitu cha gharama kuliko yenyewe? Kama ndivyo, isicheleweshwe.
4. Kila mita ya ujazo itanigharimu kiasi gani kwa kutengeneza, na kiasi gani kwa kununua?
5. Mpya ikihitajika, itanifikia lini? Kama ni wiki tatu, ilipaswa kuwa stoo tayari.

Swali la tano ndilo linalowapata wengi wa uwanda wa kati. Kwa mwenye pampu Dodoma, Singida au Manyoni, sanduku la akiba lenye jozi moja ya pistoni, seti ya oringi na sili, klempu nne zenye pini zake, kiwiko kimoja na chujio la mafuta humwondolea uamuzi mbaya kabla haujafika. Mtu huchomelea bomba lililotoboka kwa sababu magari matatu ya zege yako foleni, jua liko utosini, na bomba zima liko Dar es Salaam.